Betri nne stoo, watoto chumba cha pili

Swali: Shikamoo fundi. Sisi tuko Ihumwa, nje kidogo ya Dodoma mjini, na nguzo ya TANESCO haijafika kwetu, kwa hiyo nyumba nzima inategemea sola. Tuna betri nne za maji za volti 12, Ah 200 (ampea-saa, yaani ukubwa wa chaji inayobeba) kila moja. Mbili zina miaka minne, mbili tumenunua mwezi uliopita. Zimeunganishwa ziwe volti 24, inveta ni ya kVA 3 na iko sebuleni, kama mita tatu kutoka kwenye betri. Betri zimekaa stoo isiyo na dirisha, inayochangia ukuta na chumba cha watoto. Fundi alifunga breka ya ampea 63, ikawa inaanguka kila nikipiga pasi, akaitoa na kuunganisha waya moja kwa moja. Sasa umeme haukatiki, ila waya unapata moto, na kuanzia saa nane mchana stoo inanuka mayai viza. Nilipouliza habari ya fyuzi aliniambia volti 24 hazimrushi mtu, na kwamba inveta ina fyuzi yake ndani. Mume wangu anataka tuuze zote tununue lithiamu. Je, watoto wako salama pale?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Watoto wasilale chumba kile usiku wa leo. Hilo kwanza, mengine tutayafikia.

Harufu ya mayai viza haitoki kwenye betri nzima inayochajiwa vizuri. Ni gesi ya salfa inayotoka betri inapopikwa, yaani inapoendelea kusukumiwa chaji ambayo haina tena mahali pa kuiweka. Gesi hiyo ni sumu, na ina ujanja mmoja mbaya: ikizidi, pua huchoka na kuacha kuisikia. Kwa hiyo usiseme "harufu imekwisha" ukadhani hatari imekwisha. Fungua mlango wa stoo na madirisha ya nyumba, zima vyombo vyote, kisha kata umeme wa paneli kwenye swichi yake, ule unaoingia kwenye kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri). Usiingie stoo na sigara, kibatari wala simu inayochajiwa. Usilegeze nati yoyote. Acha hewa ipite saa nzima au zaidi. Ukirudi na kukuta betri imevimba ubavu, au ina joto ambalo kiganja hakivumilii, usiiguse. Mwite fundi mwingine.

Sasa hizo volti 24. Fundi wako hakusema uongo. Ukishika vichwa viwili vya mfumo wa volti 24 kwa mikono mikavu hutasikia kitu, na kanuni za kimataifa za umeme wa majumbani zinauhesabu umeme wa DC (ule wa betri na paneli, usiogeuka mwelekeo) hadi volti 120 kuwa volti ndogo. Kosa lake ni kudhani umeme una njia moja tu ya kudhuru. Wa TANESCO tumeuzoea kwa kurusha. Wa betri unachoma.

Chukua kalkuleta ya simu tufanye hesabu moja. Betri nzuri ya Ah 200 ina ukinzani wa ndani wa kama sehemu tano za elfu za omu, yaani 0.005. Gawa volti 12.7 kwa 0.005 unapata ampea 2,540. Hizo ndizo betri moja inaweza kutema mtu akizipiga shoti kwa spana. Wale mafundi wa mageti na magrili mnaowaona barabarani wanachomelea chuma kwa ampea 100 hadi 150. Ndani ya stoo yako kuna mashine ya kuchomelea kubwa kuliko zao mara nyingi, haina swichi, haina LUKU ya kuishiwa, na haizimwi jua likizama.

Mimi nina alama ya jambo hili kwenye kidole cha pete. Ilikuwa mwaka wangu wa tatu wa kazi, mahali fulani njia ya Kondoa, nikikaza nati za betri za volti 24 hizi hizi. Spana namba 13, tupu, haijazungushiwa utepe. Mkono una pete ya ndoa. Spana ikiwa kwenye chanya, mkia wake ukaegemea pete, na pete ikaegemea hasi. Sikurushwa hata kidogo. Kulikuwa na mwanga mweupe na mlio kama wa fataki, na spana ikabaki imeganda pale kama imelehemiwa. Pete ilikatwa hospitali. Tangu siku hiyo spana zangu zote zimevaa utepe mweusi hadi mdomoni, na saa, pete na cheni hubaki mfukoni. Fundi akija kwako na bangili ya shaba mkononi akainama juu ya betri, mwambie aivue. Asipotaka, mrudishe.

Tuje kwenye fyuzi. Iliyo ndani ya inveta ipo kuilinda inveta. Sasa zile mita tatu za waya kutoka stoo mpaka sebuleni zinalindwa na nani? Panya akitafuna ngozi ya waya, au mtu akipigilia msumari ukutani, au fremu ya chuma ya mlango ikausugua mpaka shaba itokeze, shoti hiyo inatokea kabla ya inveta. Fyuzi ya inveta haitajua kitu. Betri itamwaga ampea zake elfu kadhaa kwenye waya huo mpaka waya ugeuke jiko. Ndiyo maana fyuzi inakaa upande wa chanya, karibu na betri kadiri inavyowezekana. Mimi napima shubiri moja kutoka kwenye kichwa cha betri. Kila sentimita iliyo kabla ya fyuzi ni sentimita isiyo na mlinzi.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wazuri hulibishania. Betri za maji hutoa gesi, na breka au swichi hutoa cheche inapokatwa. Ukiweka breka juu ya betri kwa sababu umeambiwa "karibu", umeweka kiberiti juu ya kibatari. Kwa hiyo fyuzi ya kufungwa kabisa, isiyotoa cheche nje, ndiyo ikae karibu na kichwa cha betri. Swichi au breka ya kukatia kwa mkono ikae pembeni, umbali wa sentimita 60 hivi kutoka kwenye vizibo vya betri, wala isikae juu yake.

Ukubwa wake? Inveta ya kVA 3 kwa kawaida inabeba wati 2,400 hivi. Soma kibandiko chake. Betri zikiwa zimeshuka hadi volti 22, na inveta ikipoteza asilimia 10 njiani, ampea zinazotoka kwenye betri ni 2,400 kugawa kwa 22, kisha kugawa kwa 0.9. Jibu ni 121. Ongeza robo ya nafasi unafika 150. Kwa hiyo fyuzi kuu ni ya ampea 150, na waya lazima uweze kubeba zaidi ya hapo bila kuchemka. Kwangu mimi huo ni waya wa shaba wa milimita za mraba 50. Usikubali kupewa fyuzi kubwa zaidi "ili isikatike katike". Fyuzi inapimwa kwa waya wake. Fyuzi ya 300 kwenye waya mwembamba ni pambo.

Utaona basi kwamba ile breka ya 63 haikuwa na ugonjwa. Ukipiga pasi huku friji imewaka, ulikuwa unaivuta kupita uwezo wake, nayo ikakwambia ukweli. Fundi akamnyamazisha shahidi.

Hukuniambia unene wa waya wako, lakini kwa breka ya 63 nahisi alifunga wa milimita za mraba 16. Kama ni huo, kwenda na kurudi mita tatu ni mita sita, ukinzani wake ni kama 0.007. Kwa ampea 121 waya huo unatoa joto la wati 100 hivi, umelala ukutani kwako. Wa milimita 50 ungetoa kama theluthi ya hapo. Lakini gusa kwa makini (nyuma ya kiganja, juu ya ngozi ya waya, si kwenye shaba) ujue joto liko wapi. Likiwa sawasawa urefu mzima, waya ni mwembamba. Likiwa mahali pamoja, karibu na nati, kiungo kimelegea au kichwa cha waya kimebanwa kwa koleo badala ya mashine yake. Kiungo kibovu cha 0.005 tu, kwa ampea 121, kinatoa wati 73 kwenye eneo dogo kama kucha. Chuma cha kulehemia cha fundi redio hakifiki hapo, na hicho kinayeyusha risasi. Vichwa vya betri navyo ni vya risasi.

Kuhusu aina ya breka. Umeme wa TANESCO hugeuka mwelekeo, na kila unapogeuka hupita sifuri, mara 100 kwa sekunde. Breka ikifunguka, cheche inazimika yenyewe kwenye sifuri hiyo. DC haina sifuri. Cheche ikishawaka kati ya meno mawili ya breka inaendelea kuwaka. Breka iliyoandikwa alama ya wimbi tu (~) bila namba yoyote ya DC, kwa volti 24 inaweza kukuvumilia, lakini kwenye waya wa paneli zilizounganishwa mfululizo, ambao unaweza kuvuka volti 100 au hata 300, inaweza kuwaka moto na plastiki yake. Tafuta maandishi "DC" na namba ya volti inayozidi ya kwako. Nyingine za DC zina alama ya jumlisha na ya kutoa. Ukizigeuza hazizimi cheche, kwa hiyo alama hizo zifuatwe. Uliza pia uwezo wa fyuzi wa kukata shoti. Hiyo ni namba ya pili, huandikwa kwa kA, yaani maelfu ya ampea. Kwa betri zako iwe walau 10 kA. Fyuzi za redio ya gari za plastiki hazina kazi hapa.

Betri zako ni mistari miwili: mbili mfululizo, halafu mistari hiyo sambamba. Kila mstari unataka fyuzi yake, ya ampea 100, kabla haijakutana na ile kuu. Sababu yake mafundi wengi hawaielezi, wanasema tu "ndiyo utaratibu". Betri moja ikifa kwa ndani, mstari mzima wa pili hugeuka na kumwaga umeme wake humo. Inveta umeizima, paneli umezikata, usiku wa manane, na bado mstari mmoja unauchoma mwingine. Hakuna swichi sebuleni inayoweza kuzuia hilo.

Na nadhani ndilo lililoanza kwako, kidogo kidogo. Betri ndani yake ina vyumba vidogo, yaani seli; volti 24 ni vyumba 12 vya volti mbili mbili. Kontrola yako inasukuma mpaka 28.8, yaani 2.4 kwa kila chumba, na hapo chumba kizima kinaanza kutoa mapovu kidogo, si vibaya. Sasa chukulia betri moja ya zamani ina chumba kimoja kilichokufa. Kontrola haijui. Inasukuma zile zile 28.8, lakini zinagawanywa kwa vyumba 11. Kila kimoja kinapata 2.62. Vyumba vilivyobaki vinachemka kutwa nzima, maji yanakauka, gesi inajaa, harufu inaanza saa nane kwa sababu asubuhi betri bado zina njaa na mchana zimeshiba. Betri mpya zilizofungwa pamoja na hizo zinazeeka kwa kasi ya wagonjwa. Kwa kweli mgeni wa mwezi mmoja hafungwi nira na mzee wa miaka minne. Ukinunua, nunua zote nne siku moja, kampuni moja, ukubwa mmoja. Au tenga mbili mpya zifanye kazi peke yake, mkubali kupiga pasi mchana tu.

Mkiziunganisha upya, chanya ya kwenda inveta ichukuliwe kwenye mstari wa kwanza na hasi kwenye mstari wa mwisho, kimshazari. Ukichukua zote upande mmoja, mstari wa karibu unafanya kazi kubwa kuliko wa mbali.

Stoo yenyewe. Betri ya maji ikichajiwa hutoa hidrojeni. Hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha. Haina rangi, haina harufu. Ile unayoisikia wewe ni gesi nyingine. Hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14, kwa hiyo inapanda na kukaa chini ya dari. Na hapa ndipo nyumba zetu zinaponitisha. Nyumba nyingi huku ukuta wa ndani unaishia usawa wa linta au mbao za paa, haufiki bati, na juu kuna uwazi unaounganisha vyumba vyote. Mchana, hewa ikishapita na harufu ikiisha, ingia stoo taa ikiwa imezimwa, uangalie juu: ukiona mwanga wa chumba cha watoto, gesi inaona njia hiyo hiyo. Ukuta kuchangia si tatizo. Ukuta usiofika juu ndio tatizo. Uzibwe kwa tofali na plasta mpaka kwenye bati, na tundu la nyaya lizibwe pia.

Kisha stoo itobolewe nje, si ndani ya nyumba. Kuna kanuni ya kimataifa ya hesabu hii, IEC 62485, na kwa betri za maji kama zako, vyumba 12 na Ah 400 kwa jumla, inadai hewa ya mita za ujazo 4.8 kwa saa wakati wa kuchaji kwa nguvu. Kwa kutegemea upepo tu bila feni, hiyo ni matundu mawili, kila moja la sentimita za mraba 134. Toboa la 12 kwa 12. Moja chini karibu na sakafu, jingine upande wa pili juu kabisa, hewa baridi iingie huku, gesi itoke kule. Weka wavu wa mbu, maana nyigu wa Dodoma hawaachi tundu tupu. Na mlango wa stoo uwe na kufuli. Ufunguo ukae mahali ambapo mtoto wa miaka sita hafiki.

Inveta kukaa sebuleni ni vizuri, usikubali mtu aihamishie stoo juu ya betri "ili waya uwe mfupi". Gesi na mvuke wa asidi vinapanda moja kwa moja kwenye mbao zake za saketi. Ukutani kando, sawa.

Joto nalo. Wazee wetu Wagogo wangeweka betri kwenye tembe zingeishi miaka mingi: paa la udongo, kuta nene, ndani baridi hata Oktoba. Hewa tu ndiyo ingekosekana. Sisi tumejenga stoo za bati upande wa magharibi. Betri za risasi zimetengenezwa kwa nyuzi 25, na kwa kila nyuzi 10 zaidi maisha yake hupungua karibu nusu. Kabla hujamlaumu muuzaji, ning'iniza kipimajoto stoo saa tisa mchana. Ikisoma 38, piga dari ya chini na pakaa bati rangi nyeupe. Kama kontrola yako ina kiwaya cha kupimia joto, kibandikwe ubavuni mwa betri, kwani betri yenye joto inahitaji volti ndogo za kuchaji, na bila kiwaya hicho kontrola inaipika kwa nia njema. Vingi nilivyokuta vilikuwa vimekunjwa kwenye boksi, havijafunguliwa.

Betri zikae kwenye beseni la plastiki, juu ya mbao. Si kwa sababu ya ule usemi kwamba sakafu ya simenti inanyonya chaji, huo si kweli kwa betri za siku hizi. Ni ili asidi ikivuja isitembee. Vumbi la kiangazi likichanganyika na mvuke wa asidi juu ya betri linapitisha umeme kati ya vichwa. Futa kila mwezi kwa kitambaa chenye maji ya magadi, vizibo vikiwa vimekazwa, kisha kausha. Vichwa vyote vifunikwe. Kipande cha tyubu ya baiskeli kinatosha.

Maji ya kuongeza ni yale yaliyotoneshwa (distilled), basi. Si ya bomba wala ya kisima, hata kama yanatoka Makutupora na unayanywa kila siku; chumvi yake inaua sahani za ndani. Dukani soma chupa, usiseme tu "nipe maji ya betri", kuna duka litakupa asidi. Asidi haiongezwi kwenye betri inayotumika. Jaza baada ya kuchaji, si kabla, na vaa miwani. Ikiruka jichoni osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 au 20 huku mtu anatafuta bodaboda, usisubiri bodaboda kwanza.

Sasa mume wako na lithiamu yake. Simpingi. Lithiamu ya fosfati ya chuma, ile inayoandikwa LiFePO4, haitoi hidrojeni katika kazi ya kawaida, inavumilia kushushwa chini, na kwa nafasi yenu ingeondoa shida ya harufu. Lakini asije akanunua akidhani anaiacha fyuzi nyuma. Ukinzani wake wa ndani ni mdogo kuliko wa risasi, kwa hiyo ikipigwa shoti inatema zaidi, na fyuzi yake inataka uwezo wa kukata wa 20 kA. Ina saketi ya ulinzi ndani, ni kweli. Saketi hiyo ni vipande vya elektroniki, na nimeshaona zikifa zikiwa zimefunga, yaani umeme unaendelea kupita. Ni kufuli la pili, mlango bado unataka la kwanza. Kontrola ibadilishwe mpangilio: ule wa betri za maji una hatua ya kusawazisha inayopandisha volti mbali, na lithiamu haitaki hatua hiyo kabisa. Isifungwe sambamba na betri za risasi hata kwa siku moja "kwa muda". Na stoo ya nyuzi 45 haiifai nayo.

Moto ukitokea, kwa betri ya aina yoyote, kazi yako ni kutoa watu. Zima swichi ya paneli kama iko njiani, toka, funga mlango, piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Moshi wa betri haupiganwi kwa kanga yenye maji puani. Kizimamoto cha unga kikae sebuleni mlangoni, si stoo.

Utakapomwita fundi mpya, awe na leseni ya kazi za umeme ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na mwombe akuchoree mchoro wa betri, fyuzi na swichi kwenye karatasi kabla hajashika spana. Anayejua anachora dakika tano. Anapozima, paneli zinakatwa kwanza, betri baadaye. Anapowasha, betri kwanza, paneli mwisho. Ukimwona anaanza kinyume utajua. Fremu ya chuma na mwili wa inveta viunganishwe na nondo ya ethi, na udongo wetu wa Dodoma ukiwa mkavu nondo fupi haifanyi kitu, ichimbiwe hadi penye unyevu. Na waya unaotoka kwenye inveta kwenda kwenye taa na soketi ni volti 230 kamili. Huo unarusha, na unaua.

Kabla hamjauza chochote, fanya hivi. Hewa ikishapita na harufu ikiisha, jioni paneli zikiwa zimekatwa na vyombo vimezimwa kwa saa nne, chukua mita, weka kwenye DC, pima kila betri kwenye vichwa vyake bila kufungua nati. Nzima iliyoshiba husoma 12.6 au 12.7. Mbili za mstari mmoja zikipishana zaidi ya 0.2, moja inaumwa. Ikisoma karibu 10.5, ina chumba kilichokufa na ndiyo inayonuka. Hiyo iende kwa wanunuzi wa betri chakavu ikiwa imesimama wima na maji yake ndani, msiimwage mtaroni wala shambani kwenye mizabibu ya jirani. Niandikie namba zote nne kwa mpangilio zilivyokaa, pamoja na maandishi ya kwenye ngozi ya waya, nami nitakuambia kama mbili mpya bado zinafaa, kabla baba watoto hajatoa hela ya lithiamu.